Msaragambo wa Kulifufua Lori

Grisi kuukuu ina harufu yake, na mimi huitambua hata ninapopita kando ya gereji za Same nikiwa na haraka zangu. Ni harufu nzito, ina kutu kidogo na udongo mbichi ndani yake, na ikishaingia puani haitoki upesi. Kwa wengine huo ni uchafu tu. Kwangu ni baba anarudi nyumbani jioni, ukungu umeshuka mpaka kwenye migomba, na mama anamwambia asiguse mlango kwa mikono ile. Ulikuwa msimu wa baridi, nilikuwa darasa la tatu, na kijiji chetu kilikuwa milimani, mwendo kidogo kutoka Suji. Mpaka leo sijui niipende harufu ile au niichukie. Nikiisikia husimama kidogo, halafu naendelea na safari yangu.

Lori lenyewe tulizaliwa tukalikuta. Lilikuwa la mfanyabiashara mmoja aliyekuwa akikusanya kahawa kabla ya Uhuru. Breki zilimkatalia kwenye kona, likaserereka mpaka kwenye kijito chini ya barabara, na mwenyewe akapanda kwa miguu, akaondoka, asirudi tena. Lilikuwa lori la zamani la kubeba mizigo mizito, lenye pua ndefu na taa zilizotoka nje, na injini yake iliwashwa kwa kuzungusha hendeli. Magimbi yalikuwa yameota mpaka kwenye matairi. Kuku wa jirani walitagia ndani ya chumba cha dereva, na sisi watoto tuligombania usukani ambao haukuzunguka. Kwa kweli tulidhani lori ni sehemu ya kijito, na kwamba kila kijiji kina lake.

Kisha alikuja katibu wa chama kutoka Same, mtu mpole mwenye sauti ya kuimba, akatueleza habari za kujitegemea. Alisema kijiji kinaweza kuwa na lori lake bila kumpigia mtu magoti, kwa sababu lori tunalo na fundi tunaye. Fundi alikuwa baba. Baba alifanya kazi miaka mingi kwenye karakana ya shamba la mkonge kule bondeni, akarudi nyumbani bibi alipozeeka, na tangu arudi alikuwa akitengeneza vibatari na mashine za kushonea, kazi ambazo aliona zinamdhalilisha. Katibu alipomtaja mbele ya watu wote, baba aliinamisha kichwa kama bwana harusi. Wazee wakakubaliana lori lifanyiwe msaragambo. Kwetu Upareni msaragambo ni kazi ya wote: pembe inapigwa alfajiri, kila nyumba inatoa mtu, na nyumba isiyotoa mtu hutozwa faini. Tulizoea msaragambo wa mifereji na wa barabara. Wa lori ulikuwa wa kwanza, na watu waliucheka sana kabla ya kuufanya.

Siku ya kulivuta, kijiji kizima kilishuka kijitoni na kamba za mkonge na magogo ya kutanguliza chini ya magurudumu. Wanaume walivuta, wanawake walisukuma wakiimba, na baba alikuwa juu ya ngazi ya lori akipiga kelele za kuelekeza kwa ukali ambao sikuujua. Lilitoka kwenye matope polepole, likiacha shimo lililojaa maji meusi. Nilimtafuta mama nimwonyeshe, nikamkosa. Mama yangu, ambaye hakuwahi kukosa msaragambo hata alipokuwa na mimba ya mdogo wangu, alibaki nyumbani akichambua maharage. Jioni wazee walikuja kumtoza faini wakiwa na aibu, maana lori lilikuwa kazi ya mume wake. Mama hakubishana. Aliwapakulia chungu kizima cha makande kuwa faini yake, akakaa pembeni wakila, na baba akala pamoja nao akitazama chini. Nilimuuliza bibi kama mama anaumwa, bibi akaniambia nikanawe miguu.

Baada ya hapo baba aliishi kwenye lori. Alijengewa kibanda cha majani ya migomba kando ya barabara, na kila nikitoka shule nilimpelekea chakula. Silinda zilikuwa zimeshikwa na kutu, akazijaza mafuta ya taa na kuziacha zilowe, kisha akawa anazigonga kwa kipande cha gogo taratibu kama mtu anayebisha hodi kwa mkwe. Springi iliyovunjika aliifunga kwa ngozi mbichi ya ng'ombe, na ngozi ilipokauka ikabana kuliko chuma. Rejeta lilikuwa na matundu, akalilehemu. Seremala alichonga bodi mpya kwa mbao za msituni, na mbao zile zilinukia vizuri hata watu wakawa wanapita kuzinusa. Matairi, betri na plagi zililetwa kutoka Same, zikapandishwa mlimani kichwani. Baba alikonda, lakini alikuwa na furaha ambayo sikuwa nimeiona. Alizungumza na injini kwa Chasu, Kipare chetu, lugha ambayo sisi alitugombeza nayo tu, na nililionea wivu lori lile.

Nilikuja kujua habari yenyewe jikoni. Mjomba wangu alikuwa tarishi katika ofisi moja mjini Same, na ndiye aliyemnong'oneza mama mapema. Sasa mama alikuwa akimweleza bibi, na mimi niko nyuma ya kuni, hakuna aliyejali. Kaya za mteremko wa chini, ambazo mashamba yao yalikuwa membamba, zingehamishiwa kijiji kipya cha ujamaa kule tambarare, upande wa Makanya. Na sisi tulikuwa wa mteremko wa chini. Lakini magari yalikuwa machache, na hakuna dereva aliyekubali kupandisha barabara yetu. Kwa hiyo lori la baba likiwaka, tunahama. Lisipowaka, tunabaki, angalau mwaka ule, na mwakani huenda wakubwa wakawa na jambo jingine. Bibi alitazama mlangoni, kuelekea migombani, ambako babu alizikwa na ambako yeye mwenyewe alikuwa ameshaonyesha mahali pake.

Tangu siku hiyo sikuelewa tena kitu chochote. Jumapili kanisani nilisali lori liwake, kwa sababu baba alikuwa amekonda. Kisha nikamkumbuka bibi, nikasali lisiwake. Mwishowe nikamwambia Mungu achague mwenyewe, ila asiniulize. Jambo lililonisumbua zaidi ni kwamba sikujua kama baba anajua. Nilimchunguza akila, nilimchunguza akilala mchana chini ya lori miguu ikiwa nje, na kila mara uso wake ulikuwa uso wa mtu anayefikiria kabureta. Mama hakumsema mbele yetu. Alimpikia vizuri kuliko kawaida, na hilo nalo lilinichanganya.

Liliwaka asubuhi yenye ukungu. Vijana walikuwa wamepokezana hendeli mpaka mikono ikawatetemeka, na watu wengi walikuwa wameshakwenda mashambani. Baba alifungua kitu, akapuliza, akafunga, akaishika hendeli mwenyewe. Lori likakohoa, likatoa moshi mweusi, halafu likanguruma, na kuku wote wa mteremko wakatawanyika. Watu walirudi mbio kutoka mashambani. Niliruka, nikacheza, nikamkumbatia mtoto wa jirani ambaye tulikuwa hatusemeshani. Baba alisimama akiwa ameweka kiganja kwenye boneti inayotetemeka, machozi yakimtiririka waziwazi. Mama alikuwa amekuja. Alisubiri mpaka injini izimwe, akamsogelea, akasema kwa sauti ndogo, akimwita kwa jina langu kama kawaida, lakini nilikuwa karibu.

"Baba Nakiete, ungeweza kuliacha bovu."

Baba alijifuta mikono kwa muda mrefu. "Mashine nzima siwezi kusema ni mbovu," akajibu. Mama alitikisa kichwa, akarudi nyumbani, akaanza kushusha vyungu darini.

Katibu alitangaza uhamisho wiki ile ile. Wengine walipiga makofi kwa mazoea, kisha wakatazamana. Hakuna aliyemtukana baba, na labda ingekuwa afadhali wangemtukana. Lori lilishuka na kupanda, likibeba vitanda, mbuzi, milango iliyong'olewa, vyungu na watoto, na baba ndiye aliyeendesha, maana hakukuwa na mwingine anayeweza kulimudu kwenye zile kona. Zamu yetu ilipofika nilidhani bibi atagoma. Alikwenda migombani, akakaa huko kitambo, akarudi na macho mekundu, akapanda chumba cha dereva mwenyewe bila kushikwa mkono. Njia nzima alilia. Na kila tulipopita mbele ya nyumba ya watu alichungulia dirishani na kuwaambia, "Hili amelitengeneza mwanangu." Sisi watoto nyuma tuliimba nyimbo za shule. Tulipofika tambarare vumbi lilikuwa jeupe, jua lilikuwa kali, na wenyeji wetu walikuwa nguzo zilizosimikwa ardhini zikisubiri nyumba. Bibi hakumaliza mwaka kule. Tulimzika kwenye ardhi ngumu, na wachimbaji walipokezana sululu mpaka mchana.

Siku hizi magari yanapanda Suji kila siku, na wajukuu zangu hulalamika yakichelewa kidogo. Nyumba yetu ya mteremkoni imerudi kuwa shamba la mtu, tangawizi inastawi hapo, na ninapokwenda kumsalimia babu kaburini mwenye shamba hunipa ruhusa vizuri sana, nami huumia kuomba ruhusa. Baba bado yuko Makanya. Lori lilikufa zamani, likauzwa chuma chakavu, na yeye mwenyewe sasa haoni vizuri. Mwaka jana nilikaa naye barazani, nikaamua kumuuliza lile swali nililolibeba tangu utotoni. Shikamoo nilikuwa nimeshampa, chai alikuwa ameshakunywa, sikuwa na pa kujificha. Nilimuuliza kama alijua.

"Nilijua tangu siku ya kulivuta," alisema. "Mama yako aliniambia. Lakini niliona ile injini, nikajua haiwezi kuwaka."

Nikamuuliza, sasa kama alijua haitawaka, kwa nini alihangaika vile msimu mzima. Aligeuza uso kuelekea milimani, ingawa najua haioni tena.

"Siku ilipowaka nilifurahi, mwanangu," akasema. "Sijawahi kufurahi vile, kabla wala baada."