Nilishuhudia Kanisani Kwamba Tangawizi Imeniponya Sukari

Admin, ficha jina langu na la kanisa, kwa sababu huku Kathonzweni tunajuana mpaka kwa kikohozi. Wapendwa, mimi ni mama wa miaka arobaini na tisa, nimeolewa, nina watoto wanne, na nimeokoka tangu nikiwa msichana. Shule niliachia darasa la nane, kwa hivyo mnisamehe nikiandika vibaya. Naandika nikiwa na hasira, na nusu ya hiyo hasira najikasirikia mimi mwenyewe.

Nina ugonjwa wa sukari, huu ni mwaka wa sita. Nilikuwa mnene. Mwaka jana mama mchungaji alianzisha mambo ya kupunguza mwili katika ushirika wetu wa akina mama wa Alhamisi. Tukimaliza maombi tunaenda kwa stoo yake ya nafaka, tunapanda ile mizani ya kupimia ndengu mmoja mmoja, na yeye anasoma kilo kwa sauti. Siku yangu ya kwanza alisema, "Haya, gunia la kwanza limefika." Wakacheka wote. Mimi pia nilicheka, lakini nilijifanya nafunga kitambaa cha kichwa ili wasione macho yangu.

Dawa yake ilikuwa tangawizi. Unatwanga, unachemsha, unakunywa kikombe asubuhi kabla ya kula kitu na kingine jioni. Alituambia inachoma mafuta na kufukuza sukari, na kwamba mtu hawezi kumeza tembe kila siku na bado aseme anamwamini Mungu. Nikaamini. Tembe zangu za kliniki nikaziweka ndani ya kopo la majani chai, nikafunika.

Nikaanza kupungua upesi sana. Kiu ilinishika, nikawa namaliza mtungi wa maji peke yangu, na choo nikawa naenda kila saa. Macho yakaanza kuona ukungu. Sisimizi wakajaa pale ninapokojoa. Nikimuuliza mama mchungaji, ananijibu, "Hayo ni mafuta yanatoka, mama. Shikilia hapo hapo." Kila Alhamisi mizani ilishuka, na wale walionicheka sasa wakawa wananiuliza natwanga vipande vingapi.

Jumapili ya shukrani nikapewa maiki. Nilibeba sketi yangu ya zamani ya yunifomu ya ushirika wa akina mama, na wasichana wawili wa kwaya wakaingia ndani yake pamoja mbele ya watu. Kanisa lilipiga vigelegele. Kisha nikatoa lile kopo, nikamwaga tembe sakafuni mbele ya madhabahu, nikasema Mungu ameniponya kwa tangawizi.

Wiki tatu baadaye nilianguka shambani nikichuma ndengu. Hospitalini walinipima, sukari ikawa juu hata ile mashine ndogo ikashindwa kuisoma. Nilipopata nguvu daktari aliniuliza nimekuwa nikitumia nini, nikamweleza. Akaniambia polepole, "Mama, tangawizi weka kwa chai yako, haina shida. Kuna wenye inawasaidia sukari kidogo, lakini wakiwa bado wanameza dawa. Wewe hukuwa unachoma mafuta. Sukari ilikuwa inapita na mkojo, mwili ukakosa chakula ukaanza kujila wenyewe."

Yaani kila kilo niliyopigiwa vigelegele ilikuwa ni ugonjwa.

Mimi nimerudia dawa na niko afadhali. Shida ni rafiki yangu, nimwite Mama Mwende. Tumechota maji pamoja tangu tuolewe. Yeye pia ana sukari, na siku ile ya ushuhuda wangu alienda nyumbani akatupa tembe zake. Sasa amekonda hata mishipa ya shingo unaihesabu, na ana kidonda kwenye kidole cha mguu, mwezi wa pili huu hakifungi. Nilimwendea jikoni akipika muthokoi wa mahindi na maharagwe, nikamweleza yote daktari aliyosema. Akafunika sufuria.

"Wewe ulipopungua ilikuwa Mungu. Mimi nikipungua ni ugonjwa?"

"Mama Mwende, mimi nilidanganyika."

"Ulisema hayo madhabahuni. Sasa ulidanganya siku ile, ama unadanganya leo?"

Nikamwomba twende kliniki wampime tu, hata asimeze kitu. Akasema, "Unataka ubaki mwembamba peke yako. Enda nyumbani, moshi unakuumiza macho."

Nikaenda kwa mama mchungaji, nikaomba nafasi nisimame nirekebishe maneno yangu. Hata kiti hakunipa. "Ukianguka ni imani yako ilianguka, usiilaumu tangawizi. Na ukishika maiki kuniaibisha, hiyo yunifomu uivulie hapo hapo." Mume wangu naye ni mzee wa kanisa. Yeye amesema maneno machache tu, kwamba nikifungua mdomo nisimuite mume wangu tena.

Nimeomba mpaka magoti yamechubuka. Huwa nasikia amani nikiomba, lakini kwa hili Mungu amenyamaza, au pengine alishajibu na mimi ndiye sitaki kusikia.

Jumapili hii ni zamu ya Mama Mwende kushuhudia. Jana niliona sketi yake ya zamani imefuliwa, imeanikwa kwa kamba, na yeye akipita chini yake akiburuta ule mguu. Kidonda amekifunga na tangawizi iliyotwangwa. Na kwa yale mabenchi ya akina mama kuna wengine wanne wenye sukari, nawajua kwa majina, wanangoja kusikia atasema nini ndio waamue.

Wapendwa, msinitukane, nimeshajitukana vya kutosha. Nipeni shauri kabla ya Jumapili. Nisimame nimkatize rafiki yangu mbele ya kanisa zima, ama nikae kwa benchi nipige vigelegele?