Kwaku Nimako na Ndizi za Saa Nne

Katika mji wa Asuoyaa alikuwako fundi wa milango aitwaye Kwaku Nimako, na bwana huyu alikuwa na mambo mawili tu ya kujivunia duniani. La kwanza ni bega lake la kulia. La pili ni kwamba tangu apate akili hajalala usiku hata mmoja bila kula kelewele, ndizi za kukaanga zenye viungo.

Bega lilikuwa na kazi yake. Kila mwaka, siku ya sikukuu ya Odwira, Nana, chifu wa mji, hutoka nje ameketi kwenye machela, wanaume wanne wakambeba na kumzungusha mji mzima, ngoma zikilia, naye akicheza kwa mikono na mabega huko huko juu. Mti wa kubebea wa mbele kulia ulikuwa wa Nimako. Aliurithi kwa mjomba wake, mjomba akaurithi kwa mjomba wake, kurudi nyuma hivyo hivyo mpaka kwa mzee mmoja aliyembeba Nana wa enzi hizo peke yake, machela nzima, kwa kuwa wenzake watatu walikuwa na mafua.

Kelewele nazo zilikuwa na saa yake. Ikifika saa nne usiku, mkewe Abena Frema akishafunika sufuria, Nimako huvaa ndala na kusema, "Naenda kunyoosha miguu." Miguu ilinyooka hatua arobaini, ikaishia kwa Maame Konadu. Huyo mama alikaa nyuma ya karai la mafuta, akikaanga vipande vya mzuzu ulioiva mpaka ganda likawa jeusi, vilivyolala kwenye tangawizi na pilipili tangu jioni. Harufu yake ilipenya ukuta wa tofali. Mchungaji wa kanisa la pili kutoka hapo aliona waumini wanakesha wakiwa wamegeuza shingo upande mmoja, akahamishia mkesha asubuhi. Nimako alikuwa na mahali pake kwenye benchi la Maame Konadu, na kwa miaka kumi na tisa ubao ulikuwa umejifunza umbo lake. Mgeni akikaa pale, aliteleza mpaka chini.

Sasa, Odwira ya mwaka jana, machela ilipofika kwenye kilima cha kituo cha mafuta, Nimako aliishiwa pumzi. Hakuanguka. Aliinama kidogo tu, kama mtu aliyeona kitu chini akataka kukijua. Machela ikaenda upande, Nana akateleza, kiatu kimoja kikamtoka. Kiatu kilidakwa hewani na mpiga ngoma, maana mguu mtupu wa Nana ukigusa ardhi ni mkosi kwa mji mzima. Kondoo wa kafara alichinjwa siku hiyo hiyo, na kondoo mwenyewe hakuwa amefanya kosa lolote.

Mkuu wa wabebaji, mzee Baffour Asiamah, alimwita Nimako pembeni.

"Nimako, lile bega ni la kwako au umeliazima?"

"La kwangu, mzee."

"Basi na tumbo ni la nani?"

Nimako akalivuta tumbo ndani.

"Odwira ijayo ukihema tena, mti anauchukua mpwa wako Boadu. Ni haki yake, atakurithi tu. Mimi naona nimwahishie."

Boadu, mtoto wa dada yake Nimako, alikuwa na miaka thelathini na moja na mashavu ya miguu kama mitungi. Alikuwa amesimama karibu, akipigapiga bega lake mwenyewe kama mtu anayepima tikiti sokoni.

Nimako hakulala. Kulipokucha akaenda zahanati kwa nesi Adwoa Tiwaa, binti mwembamba asiyecheka mpaka mwisho wa mwezi. Nesi akamweka kwenye mizani, akaitazama, akamwomba ashuke, akaikagua mizani kwanza.

"Baba, usiku unakula nini?"

"Usiku nalala."

"Kabla ya kulala."

"Nanyoosha miguu."

Nesi akatazama shati lake. "Miguu yako ina doa la pilipili."

Nimako akaungama. Sahani moja tu, akasema. Maame Konadu humwongezea.

"Anakuongezea ngapi?"

"Nyingine."

Nesi akaandika. "Sikukatazi kutafuna, baba. Mwili wako umezoea kupewa kitu saa nne. Ukiunyima ghafla, utakuamsha saa nane ukavunje kabati. Upe kitu kingine kikae pale pale, saa ile ile. Ila kisiwe kimelewa mafuta."

Basi ndipo fundi wa milango alipoanza kumtafutia kelewele mrithi.

Usiku wa kwanza alijaribu tango. Alikaa barazani kwake, sahani mapajani. Na kwa kuwa Asuoyaa huwezi kutafuna mtu akapita hivi hivi, Nimako alimkaribisha kila aliyepita: "Karibu, mkono wako umo." Watu walichungulia sahani, wakasema, "Ahsante, tumeshiba," wakaongeza mwendo. Tangu azaliwe Nimako hakuwahi kuona mji mzima umeshiba. Saa sita tumbo likamwuliza kama kile kilikuwa chakula au salamu.

Wa pili alijaribu tikiti. Tikiti lilimshibisha vizuri sana, na likamwamsha mara tisa kwenda uani. Mbwa wa jirani alimbwekea mara nne za mwanzo, mara tano zilizobaki akawa anamsindikiza.

Wa tatu alitafuna nyanya chungu mbichi. Mkewe aliingia na taa, akauona uso wake.

"Umegombana na nani?"

"Na hii."

"Nani ameshinda?"

Wa nne alinunua atadwe, zile punje ngumu za chini ya ardhi ambazo watoto hununua kwa kikombe. Tamu zilikuwa tamu, lakini ukavu wake si wa mchezo. Alitafuna saa nzima. Jirani yake, Agya Sarpong, alisikia kwao ukutani kitu kinakereza, akajua wezi wanakata nondo za dirisha, akaja na panga.

"Nani huyo?"

"Mimi. Natafuna."

"Unatafuna nini, kitasa?"

Usiku wa tano Nimako alikaa barazani mikono mitupu, akiutazama moshi wa karai la Maame Konadu ukipanda juu ya mapaa. Ndala zilikuwa miguuni tayari. Frema alitoka, akamtazama, akazitazama ndala.

"Unataka mti au unataka ndizi?"

"Nataka vyote."

"Mti unabebwa na mmoja tu, wewe au Boadu."

Akaingia jikoni. Akachukua mzuzu mmoja, si ule mweusi wa Konadu, wa njano bado imara. Akaumenya, akaupaka tangawizi iliyotwangwa, pilipili, karafuu kidogo na chumvi kiduchu kama ya kuibia, akaufunga kwenye jani lililoloweshwa, akauweka juu ya makaa. Tone la mafuta halikuugusa. Ulipoiva akauweka mbele ya mumewe pamoja na konzi moja ya karanga, na konzi yenyewe ilikuwa ya Frema, ambaye mikono yake ni midogo.

Nimako alikula amefumba macho.

"Haya, sema."

"Siyo yenyewe."

"Najua siyo yenyewe."

Akatafuna tena. "Lakini wanafahamiana."

Kuanzia siku hiyo, saa nne ikifika, ni mzuzu mmoja wa makaa na konzi ya Frema. Juma la kwanza alilia kidogo. La pili akazoea. La tatu alimwomba mkewe akuze mikono, akakataliwa. Mwezi wa pili suruali ilihitaji kamba, na wa tatu kamba ikahitaji fundo la pili. Mlango wa mvule, ambao zamani angeupeleka kwa mteja kwa vituo sita akidai anatazama mandhari, sasa aliupeleka moja kwa moja na kurudi akiimba.

Hapo ndipo balaa lilipoanzia. Asuoyaa hakuna mtu anayepungua kwa kupenda. Mtu akinenepa, watu humpongeza mkewe. Akikonda, huulizana ameanza lini kukohoa.

Wa kwanza kulisema alikuwa Maame Konadu, na alilisema kwa sauti ya mtu mwenye benchi lenye nafasi. "Mwanamume aliyekula kwangu miaka kumi na tisa akaacha bila ugomvi! Huyo haumwi? Huyo anaaga."

Kesho yake wakaanza kuja. Mmoja alileta mayai, mwingine maziwa ya kopo, wa tatu alileta kuku hai na kumwambia Frema amchemshie supu haraka kabla hajachelewa. Shangazi za Nimako walikuja watatu, wakafunua sufuria za Frema moja moja bila hodi. Kwaya ya akina mama, ambayo haijawahi kufanya mazoezi mtaa ule, ilifanya mazoezi mbele ya mlango wake, na nyimbo zote zilikuwa za polepole. Agya Sarpong, ambaye kazi yake ni majeneza, alikuja kuazima randa. Akasimama nayo mkononi, akimtazama jirani yake kutoka kichwani mpaka miguuni, kisha kutoka miguuni mpaka kichwani.

"Hivi wewe ni futi ngapi?"

"Zile zile za siku zote."

"Na upana?"

Boadu naye akafika, amevaa sura ya msiba. "Mjomba, pumzika. Mti nitaushika mimi mpaka upate nafuu."

"Siumwi, Boadu."

"Wote husema hivyo, mjomba."

Zilipobaki siku sita kufika Odwira, wabebaji wakaitwa uani kwa Nana. Mzee Asiamah alikuwa ameketi, fimbo magotini.

"Nimako, mwaka jana ulikuwa mzito, tukasema mti utakushinda. Mwaka huu umekuwa mwepesi, watu wanasema utatufia chini ya Nana."

"Sasa mzee ulitaka niweje?"

"Nilitaka nisikusikie."

"Nipe mti, uone."

Machela ya Nana haikaliwi na mwingine, hilo linajulikana. Lakini iko ile ya mazoezi, ya mbao tupu, ambayo hupakiwa mifuko ya saruji. Vijana wakaanza kuibeba mifuko. Mzee akawazuia. "Saruji haichezi. Nana anacheza. Nataka mzigo wenye mabega."

Watu walikuwa wamejaa getini, maana habari za mgonjwa hazisubiri mwaliko. Katikati yao akapita Maame Konadu, amejifunga kanga kifuani.

"Nitakaa mimi. Akidondoka, kila mtu aone kinachompata mtu akikimbia chakula changu. Arudi kwangu ale apone."

Watu wakamtazama, kisha wakaitazama machela. Mara ya mwisho Maame Konadu alipimwa kwenye mizani ya kakao, na karani alimwandikia magunia mawili na kumwomba avue viatu.

Akapanda. Mbao zikasema neno. Nimako akaweka bega mbele kulia. Kushoto kwake alikuwa mtu mmoja aitwaye Addai, nyuma kulia pacha wa Addai, na nyuma kushoto Osei Kuffour, bwana mwenye shingo nene aliyeachiwa na Nimako lile shimo la benchi la Maame Konadu na kulijaza vizuri. Boadu alipewa kazi ya kutembea kando ya mjomba wake, tayari kuudaka mti.

"Mizunguko saba," mzee akasema. Ngoma zikaanza.

Mzunguko wa kwanza Maame Konadu alicheza kwa adabu. Wa pili alikumbuka amekuja kufanya nini, akacheza kwa nguvu, akijitupa kulia, kulia kila mara, upande wa Nimako.

"Mjomba, unahema?" Boadu akauliza.

"Natembea."

Wa tatu jasho lilimtiririka Nimako mpaka kiunoni. Wa nne bega likawa halina habari, kama la mtu mwingine. Alijua likiteleza hapa, mti umekwenda, na mbele ya macho ya mji mzima. Hakutazama watu. Alihesabu pumzi kama anavyohesabu misumari: moja inaingia, moja inatoka.

"Pigeni ngoma!" Konadu akapiga kelele juu. "Mgonjwa bado anatembea!"

Mzunguko wa tano, kwenye kona ya jiko la Nana, machela ikazama ghafla. Watu wakapiga yowe. Boadu akaurukia mti wa mbele kulia kwa mikono miwili, akaukuta umetulia. Waliogeuka nyuma ndio walioona: Osei Kuffour alikuwa magotini, mdomo wazi, akitafuta hewa kama samaki aliyesahauliwa kwenye beseni. Maame Konadu alikuwa ameteleza kinyumenyume kifudifudi, miguu ikining'inia nyuma, mikono yote miwili imeng'ang'ania nywele za Nimako. Nimako alikuwa amesimama wima. Macho yalimtoka, lakini alikuwa wima.

"Nishusheni!" Konadu akasema. "Nimeshaona!"

"Tulia hapo," mzee Asiamah akasema. Akatembea polepole kumzunguka Nimako, akasikiliza kifua chake kwa karibu, kama mtu anayenunua redio. Kisha akaenda nyuma akamtazama Kuffour aliyekuwa bado chini.

"Tulikuja hapa kumtafuta mgonjwa," mzee akasema. "Kuffour, mwanangu, pole sana."

Uwanja mzima ukacheka, ila Konadu, ambaye hakuwa mahali pazuri pa kuchekea.

"Mti wa mbele una mwenyewe," mzee akaendelea. "Neno hilo limekwisha, wala kwaya isirudi mtaa ule. Boadu, si ulitaka kubeba? Nenda nyuma kushoto."

Boadu akaenda, akainama, akaingiza bega. Kutoka pale alikuwa haoni uwanja wala watu, anaona mgongo wa mjomba wake, umelowa, umenyooka.

"Mjomba," akasema kwa sauti ndogo, maana magunia mawili ya kakao yalikuwa yameanza kumwingia, "twende taratibu basi."

"Umebakiwa na mizunguko miwili tu," Nimako akamjibu. "Inua."