Supu Niliyomnywesha Barasa

Mwanangu, ipo asubuhi moja ambayo hata leo haijanitoka akilini. Ilikuwa miaka ya tisini, nami kijana wa kukata nyama soko la Burma, maneno mengi akili kidogo. Mdogo wangu Barasa, ambaye mama alinikabidhi nimtunze hapa Nairobi, tulikuwa naye meza moja. Wiki kadhaa alilalamika kichwa kinamgonga. Nikamwambia ni moshi wa nyama choma, avumilie.

Asubuhi hiyo kisu kilimponyoka. Akainama kukiokota, mkono wa kulia ukakataa. Alipotaka kusema, mdomo ulienda upande na maneno yakatoka yamevurugika. Wenzetu wakaangua kicheko.

"Msee amelewa tilalila," mmoja akasema. "Mpe supu ashtuke."

Pale Burma dawa ya pombe ilikuwa supu ya mifupa. Barasa hakuwahi kuonja pombe, na mimi nilijua. Lakini niliona haya mbele ya wenzangu, haya zikanishinda. Nikamkalisha, nikamnywesha kwa nguvu. Supu ikamtoka pembeni mwa mdomo, akapaliwa, huku amenikodolea macho. Macho yale niliyaogopa, mwanangu, na bado nayaogopa.

Mama Saumu, aliyeuza viungo mkabala nasi, akaja akanishika mkono.

"Hebu weka hicho kikombe. Ndugu yako hunywa?"

"Hanywi, mama."

"Basi?"

Nikakiweka kikombe chini. Tulimpakia kwenye gari la nyama, nikimwita jina njia nzima naye haitiki. Hospitalini daktari alisema Barasa alizaliwa na mishipa ya damu iliyosokotana vibaya kichwani, na mmoja ulikuwa umepasuka. Kikulacho ki nguoni mwako. Nikauliza kama ni supu yangu. Akasema si supu, ila muda tuliopoteza haurudi.

Barasa alinusurika, sauti yake haikurudi. Miaka yote hii hunitazama tu, nami sijui kama alinisamehe.

Basi nisikilize. Mtu akipinda mdomo ghafla, mkono ukifa ganzi, maneno yakimpotea, hata awe kijana mbichi, usimtie kitu kinywani. Usiwajali wanaocheka. Mkimbize hospitali, maana ngoja ngoja huumiza matumbo. Na ndugu akikwambia anaumwa, mwamini.

Mungu akulinde, mwanangu, akujalie kumsikia ndugu yako angali anaweza kusema.