Barua Iliyomruka Muzee

Kosa langu lilikuwa la mstari mmoja. Kwetu Goma, na nadhani Kongo nzima, mtu wa chini hamwandikii mkurugenzi moja kwa moja. Juu ya barua, chini ya cheo cha unayemwandikia, unaweka maneno mawili ya Kifaransa, sous couvert, halafu cheo cha mkubwa wako wa karibu. Maana yake barua inapitia mikononi mwake kwanza: anaisoma, anaweka sahihi yake pembeni, ndipo inapanda. Hata mfagizi wa hospitali akiomba siku mbili za kwenda kuzika anajua hivyo. Mimi, daktari mzima, nilisahau.

Korido nzima ilisema nimefanya kwa kiburi. Haikuwa kiburi, ilikuwa haraka. Wenzetu wa Ulaya walikuwa wametutumia fomu yenye nafasi moja tu ya sahihi, ya mkuu wa taasisi, na mimi nikaandika barua ya kuomba sahihi hiyo tu. Mkubwa wangu, muzee wa pediatri, yaani idara ya watoto, nilimweka chini kabisa ya karatasi, kwenye orodha ya wale wanaopewa nakala kwa taarifa. Tena nambari ya tatu, baada ya msimamizi wa fedha na mtu wa magari. Hadi leo nikikumbuka nambari ile natamani kujificha.

Tulichokuwa tunaomba ni fedha za utafiti, kubwa kuliko kitu chochote ambacho hospitali yetu ilishawahi kuomba. Kambi ya Kanyaruchinya, ya watu waliokimbia vita, ilikuwa bado imejaa wakati ule, na mimi nilikuwa ninapanda huko mara mbili kwa wiki, kwenye posti ya afya iliyokuwa na vitanda vichache. Watoto waliozaliwa kabla ya siku zao walikuwa wanatufia kwa baridi. Mtoto unayeweza kumshika kwa kiganja kimoja, ukimlaza ndani ya kibanda cha turubai, juu ya mawe ya volkano, hakai. Tulitaka kila mama abaki na sisi wiki mbili, mtoto kifuani, ngozi kwa ngozi, ndani ya nyumba yenye joto, na oksijeni na wauguzi wa kutosha, halafu tupime wangapi wanaishi. Nilikuwa nimechoka kuwafunga watoto wale ndani ya kitenge na kumkabidhi baba kifurushi ambacho hakina uzito. Nilizitaka fedha zile kwa roho yangu yote, na sioni haya kusema hivyo.

Mwisho wa kutuma ulikuwa Ijumaa, saa kumi na mbili jioni ya kwetu. Siku ya Jumanne niliingia kwa mkurugenzi. Alisoma ukurasa wa kwanza, akatazama juu ya barua, akatazama chini ya barua, akafunga dosye, jalada lenye ombi letu lote.

“Docta, muzee ameona hii?”

“Iko na nakala yake.”

“Nakala,” akasema, polepole. “Mimi siwezi kusaini juu ya kichwa ya muzee. Ni yeye alinifundisha kushika sindano. Rudia barua, ipitishe kwake.”

Nilitoka nikaenda kwa mama sekretere, mwanamke mpana mwenye rejista pana zaidi, nikamwomba anirudishie barua ya kwanza niichane. Akanitazama kama nimemwomba jino lake. Barua ilikuwa imekwisha kupata nambari na kashe, muhuri wa hospitali, na yeye hafuti nambari. Ilibidi niandike barua nyingine ya kuondoa ile ya kwanza.

“Na hiyo pia,” akasema, “sous couvert ya muzee.”

Yaani nimwombe muzee ruhusa ya kuomba msamaha kwamba sikumwomba ruhusa. Nilicheka mwenyewe pale mlangoni, kicheko cha hasira. Mama sekretere hakucheka.

Muzee wa pediatri alikuwa katika mwaka wake wa mwisho kabla ya kustaafu. Mwembamba, kimya, koti jeupe limepigwa pasi na yeye mwenyewe, kwa sababu alisema hakuna mtu mwingine anayejua kupiga pasi kola. Alipokea barua zangu mbili na dosye lote, kurasa zaidi ya mia, akaziweka mbele yake na kuzilinganisha pembe.

“Acha hapa, mwanangu.”

“Papa Docta, ni ya haraka.”

“Nimesikia.”

Jumatano ikapita. Nilipita mbele ya mlango wake labda mara kumi, nikijifanya natafuta mtu. Dosye lilikuwa wazi juu ya meza na yeye ameinama juu yake, anafunua ukurasa mmoja kwa dakika nyingi. Nikajiambia, huyu anakaa juu ya dosye langu kusudi. Anataka nipige magoti. Nina hasira ya karibu, nimezaliwa nayo huko Butembo, na siku ile ilinipanda.

Alhamisi muzee hakuja kazini. Hakuaga mtu. Mama sekretere akanivuta pembeni, akanisemesha kwa huruma mara ya kwanza: “Enda kwake nyumbani, umuombe pole. Na usiende mikono mitupu.” Basi nikashuka sokoni Birere, nikanunua sukari, majani ya chai na mkate mrefu, nikapanda moto, yaani pikipiki, mpaka kwake Himbi, nimekumbatia mfuko kama mchumba anayeenda kujitambulisha. Mke wake akanipokea vizuri sana, akapokea na mfuko, akaniambia muzee ametoka tangu asubuhi na hakusema anaenda wapi. Nilirudi mikono mitupu. Nilijua sasa kwamba nimeshindwa, na kwamba watoto wa Kanyaruchinya wamenyimwa nyumba yenye joto kwa sababu mzee mmoja alikuta cheo chake chini ya cheo cha mtu wa magari.

Ijumaa asubuhi nilimkuta ofisini. Sikubisha hodi.

“Papa Docta, kama ni heshima, nimekwisha kuomba msamaha. Niandikie barua ya onyo, nifukuze, ni sawa. Lakini saini. Watoto wale hawana kosa.”

Sauti yangu ilikuwa juu. Walionisikia korido waliniambia baadaye walidhani nitapigwa.

“Keti,” akasema. Akafungua dosye mahali alipoweka kipande cha karatasi. “Hapa umeandika kwamba mulikwisha kujaribu hii kazi, kidogo, kwa vitanda vile muko navyo. Ikashindwa juu ya nini?”

“Wamama walitoroka.”

“Walitoroka kwenda wapi?”

Nilitazama ukurasa: nilikuwa nimeandika neno moja tu.

Kwenye hospitali zetu, mgonjwa akiondoka bila kuruhusiwa, tunaandika mbele ya jina lake neno moja, évadé, mtoro, kama mtu aliyeruka ukuta wa gereza. Ni desturi ya kazi, tunaliandika kwa kalamu nyekundu, na ukishaliandika hakuna anayeuliza tena. Mimi nilikuwa nimeliandika mara nyingi posti ya Kanyaruchinya. Mara nyingine niliandika kwa hasira, nikibonyeza kalamu. Halafu nikalibeba neno lile hadi ndani ya ombi letu, kwa Kifaransa kizuri, nikaliita sababu kuu ya kushindwa, na ndiyo maana tuliomba wauguzi zaidi: wa kuwaelimisha akina mama wasitoroke.

“Jana nilipanda kule,” muzee akasema. “Nimetafuta mumoja wao. Haikuwa nguvu kumupata, kila mutu anamujua. Akanionyesha jeton yake.”

Jeton ni kile kipande cha plastiki ambacho familia ya kambini inaonyesha siku ya kugawa chakula. Siku ile ikifika, mwenye jeton asipokuwa kwenye mstari yeye mwenyewe, jina linarukwa, na familia inangoja mgawo mwingine ambao hakuna anayejua utakuja lini. Nilijua hivyo. Kila anayefanya kazi Kanyaruchinya anajua. Nilikuwa nikipita kando ya mistari ile na gari la hospitali, nikiwapigia honi watupishe.

“Aliniambia hivi,” muzee akaendelea, na akaondoa miwani. “‘Papa, nilikuwa na mumoja kifuani na wanne ndani ya kibanda. Nilihesabu.’ Akaenda kupanga mustari na mutoto. Mvua ikawakuta kule. Alirudi na unga, mutoto akafa kesho yake.”

Nilimkumbuka. Sikukumbuka uso wake, na hilo linaniuma mpaka sasa; nilikumbuka mstari wake katika rejista, kwa mwandiko wangu. Nililia mbele ya mkubwa wangu, mimi niliyeingia bila hodi. Alinisogezea kitambaa chake cha mfukoni, nacho kilikuwa kimepigwa pasi, na akageukia dirisha mpaka nikamaliza.

“Mimi sikukasirikia barua,” akasema. Kisha, kwa sababu alikuwa mtu wa kweli: “Nilikasirika. Jumanne, mpaka saa ya kula. Lakini fikiri, mwanangu. Kama ingepitia kwangu mwanzo, hii swali ningekuuliza mwezi uliopita. Sasa tuko na masaa nane.”

Nilikuwa nikidhani siku zote kwamba mstari ule wa juu ya barua umewekwa ili wazee wasijisikie wamedharauliwa. Labda wengi wanautumia hivyo. Yeye aliutumia kusoma. Kati ya wote waliolishika dosye lile, hapa na Ulaya, ni yeye peke yake aliyelisoma hadi mwisho.

Tulifanya kazi pamoja upande wa meza yake, bega kwa bega. Tulifuta neno lile kila lilipokuwa. Tukaandika kilichotokea kweli: wamama waliondoka kwenda kulisha watoto wao wengine. Tukaongeza watu wa kambini ambao kazi yao itakuwa kupanga mstari badala ya mama aliyelazwa, na makubaliano na wanaogawa chakula ili jeton ya mama huyo ipokelewe hata akiwa kitandani. Muzee aliandika sehemu ile yeye mwenyewe kwa mkono, na mimi nikaipiga kwenye mashine. Mwenzetu wa Ulaya, mama mpole tuliyekuwa tunaongea naye kwa simu, alichanganyikiwa: si gharama ya matibabu, si gharama ya utafiti, aiweke wapi?

“Weka pamoja na dawa,” nikamwambia.

Muzee akaitikia kwa kichwa, akachukua kalamu yake, akasaini kila mahali palipotakiwa, na barua zangu zote mbili pia, pembeni, na tarehe. Mkurugenzi alitazama juu ya barua, akakuta kinachotakiwa, akasaini bila kuketi. Mama sekretere akagonga kashe na kupuliza wino ukauke, bila haraka yoyote, huku mimi nikicheza kwa mguu mmoja kama mtoto anayetafuta choo. Umeme ulikatika, jenereta ikawaka, dosye likaondoka saa kumi na mbili kasoro dakika kumi na moja. Walitukubalia baada ya miezi mingi, na mstari ule wa bajeti wa kupanga mstari ndio waliouulizia maswali mengi kuliko mingine yote. Tuliyajibu pamoja, muzee na mimi.

Lakini kinachonirudia zaidi ni Jumamosi yake, siku iliyofuata ile Ijumaa ya kutuma dosye. Nilipanda Kanyaruchinya nikiwa mwepesi, nikitaka kuwapa wauguzi habari. Kwenye kitanda cha mwisho nilimkuta mama kijana, mtoto wake ana siku sita, anafunga vitu vyake ndani ya kitenge. Hakunitazama.

“Unaenda wapi, mama?”

“Leo wanagawa.”

Mtoto alikuwa kifuani mwake, kofia ya sufu imemfunika hadi kwenye nyusi. Nilitaka kumwambia kwamba tumetuma dosye, kwamba mambo yatabadilika. Nikaona nitakuwa mjinga. Yatabadilika mwaka ujao.

“Nipatie jeton,” nikamwambia. “Baki na mutoto.”

Alinipa, lakini vidole vyake vilichukua muda kuachia.

Nilipanga mstari tangu asubuhi hadi jua likawa kichwani, mimi na viatu vyangu vya mjini juu ya yale mawe. Nilipofika mbele, kijana wa orodha akatazama jeton, akanitazama.

“Wewe si mwenyewe.”

“Mwenyewe amelazwa. Mimi ni docta wake.”

“Mwenyewe aje.”

Nikatoa simu, nikamwonyesha picha ya barua yetu yenye sahihi na kashe zote. Aliisoma kwa adabu kabisa, akanirudishia simu, akasema tena mwenyewe aje. Hapo ndipo wanawake wa nyuma yangu walipoingilia. Mmoja akasema, “Tuko tunamujua ule mama, ana kamutoto kadogo sana.” Mwingine akamwambia kijana, “Mutoto ule akitoka nje ashikwe na baridi, wewe utamuzika?” Wakaongea wote pamoja, si kwa kelele, ila hawakunyamaza. Kijana akaweka alama kwenye orodha, akanisogezea unga.

Niliubeba kichwani, jambo ambalo sikuwa nimelifanya tangu ujana, na shingo ilinicheka njia nzima. Nilipoingia posti, mama yule alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda, mtoto kifuani, furushi mapajani, kandambili miguuni. Alikuwa amekaa hivyo tangu nilipoondoka. Hakuwa ameniamini, na sikuwa nimempa sababu ya kuniamini.

Niliweka unga sakafuni mbele yake. Akautazama, akaugusa kwa mkono kuhakikisha umejaa, kisha akavua kandambili na kupandisha miguu kitandani.