Mwenyeji wa Kambi Asiyejua Rivasi

Ukitaka kujua ndoa ya watu ikoje, usiwaulize. Wapeleke msituni Idaho, wape tela la kulala, halafu waambie waliingize kwa rivasi kati ya misonobari miwili, huku majirani wamekaa kwenye viti vya kukunja, vikombe vya kahawa mkononi, wanatazama. Mume anashika usukani. Mke anasimama nyuma anapunga mikono kama mtu anayefukuza nyuki. Mume anapaza sauti dirishani, "Kushoto kwangu au kushoto kwako?" Mke anajibu, "Kushoto, bwana, kwani ziko ngapi?" Baada ya dakika kumi hawasemeshani, na likizo ndiyo kwanza imeanza.

Delmar Ostby, mwenyeji wa kambi ya Elkhorn, ndiye aliyekuwa anaziokoa hizo ndoa.

Uenyeji wa kambi si kazi ya kuringia. Unapewa mahali pa kuegesha bure kiangazi chote, maji, umeme, na vijisenti vya kununulia kahawa. Na wewe unasafisha vyoo vya shimo, unazoa majivu, unauza kuni, na unawakumbusha watu wazima wenye akili zao kwamba mbwa anafungwa na muziki unazimwa. Delmar alikuwa na miaka sitini na nane. Maisha yake yote alikuwa mkata nyama wa dukani huko Minot, Dakota Kaskazini, kwa hiyo choo hakikumtisha. Nyumba yake ilikuwa tela lake: kitanda, jiko la gesi, mashati manne, sufuria moja. Akishaosha sufuria, usafi wa nyumba umekwisha. Kuna watu mjini wanalipia semina wafundishwe kuishi hivyo. Yeye alipenda tu kukaa nje.

Lakini kilichompa jina pale kambini ni mikono yake. Tela likiingia, Delmar anakuja na kigari chake cha umeme na kizibao cha njano, anashuka bila haraka, anasimama nyuma pale dereva anapomwona kwenye kioo. "Nitazame mimi," anasema. "Mti achana nao. Mti hauendi popote." Kidole kinazunguka, mkono unainama, kiganja kinasimama. Tela linaingia kama droo kabatini. Mke anashukuru, mume anashukuru, mtu anamletea bia. Hapo sasa angenyamaza ingekuwa vizuri, ila hakunyamaza. Alikuwa anaongeza na mahubiri. "Rivasi ni utulivu," anawaambia. "Ni akili, siyo nguvu."

Sasa ukweli wenyewe ni huu: Delmar hakujua kupiga rivasi na tela. Hata kidogo. Mganga hajigangi, lakini huyu alikuwa hata dawa haijui.

Aliyekuwa anaendesha ni mkewe, Arlys, binti wa mkulima wa ngano, aliyeshika usukani wa lori la nafaka kabla sheria haijamruhusu. Likizo zote za ndoa yao, halafu miaka sita ya kuishi barabarani kabisa, Arlys mbele, Delmar nyuma anatoa ishara. Ilienda vizuri mpaka msimu wa majani kuanguka mwaka uliopita. Arlys akasema magoti yamechoka na ngazi za tela, anataka bafu la kujilaza kwenye maji na bustani ya nyanya. Dada yake wa Spokane ana chumba kikubwa cha ziada, wahamie huko wote wawili. Delmar akasema sawa, ila aongeze kiangazi kimoja.

"Peke yako?" Arlys akauliza.

"Peke yangu."

"Nenda. Mwezi wa saba utakuwa mlangoni kwa dada unaniomba taulo."

Hawakugombana. Arlys alibeba nguo zake na birika nzuri, akaondoka. Delmar akaingia barabarani na mbinu moja tu: mbele daima. Mafuta anajaza vituo vya malori, unaingia huku unatokea kule. Kambi anachagua yenye njia ya kupitiliza. Mara moja tu aliingia mtaa usio na pa kutokea, mji mmoja mdogo huko Montana, akashindwa kutoka. Akazima injini, akatengeneza mkate na jibini, akala. Mwenye nyumba ya jirani alipotoka kumuuliza anafanya nini, akamwambia anaangalia mandhari. Mandhari yenyewe yalikuwa gereji. Yule mtu alichukua funguo za pikapu, akamtolea tela.

Pale Elkhorn nafasi ya mwenyeji ilikuwa ya kupitiliza, pembeni ya mto. Maisha yakawa mazuri, mpaka wiki ya sikukuu ya uhuru, mwezi wa saba, alipokuja Brylee.

Brylee alikuwa msimamizi wa kambi zote za bonde lile, msichana wa miaka ishirini na sita, buti za vumbi, hana muda wa kupoteza. Alisimama chini ya mti mkubwa uliolalia upande wa tela la Delmar, akautazama juu mpaka chini.

"Huu umekufa," akasema. "Watu wa misitu wanaukata Ijumaa. Mzee Delmar, unahamia nafasi ya pale getini."

Delmar aliijua nafasi ya pale getini. Misonobari miwili, jiwe kubwa kama ng'ombe aliyelala, na njia ya kuingilia ni moja tu. Ya kinyumenyume.

"Hapa si pazuri zaidi?" akajaribu. "Nasikia mto."

"Utasikia mti kichwani. Alhamisi mchana nakuja nikuone unaliingiza."

"Unione? Kwa nini unione?"

Brylee akashusha pumzi. "Mwaka jana moto ulipokaribia kambi ya juu, mwenyeji alishindwa kugeuza tela lake. Akaziba barabara, watu wote nyuma yake, moshi unakuja. Kwa hiyo sasa kampuni inataka mwenyeji aweze kuhamisha nyumba yake mwenyewe, mwenyewe kabisa. Kuna mke na mume huko Montana wanaisubiri hii nafasi, kila siku wananipigia." Akampiga begani. "Lakini wewe ni wewe, mzee. Wewe si ndiye mwalimu."

Mwalimu akachukua ufagio, akarudi vyooni.

Angeweza kumwambia pale pale. Angeweza kumwomba mtu yeyote kambini amfundishe, na wangefurahi. Ila jaribu wewe kuhubiri wiki tano mfululizo kwamba rivasi ni akili, halafu uende ukawaambie waumini hujui hata sala.

Jumatano asubuhi na mapema akafunga tela kwenye pikapu, akalipeleka getini kimyakimya. Aligeuza usukani kulia, tela likaenda kushoto. Akageuza kushoto, likaenda kulia zaidi ya alivyotaka, likajikunja mpaka pua yake ikakaribia kugusa pikapu. Akasogea mbele. Akarudi. Likajikunja tena, safari hii upande wa pili, kama mbwa asiyetaka kuoga.

Alipotazama kwenye kioo akamwona Hollis. Hollis alikuwa dereva mstaafu wa basi la shule kutoka Boise, mkaaji wa nafasi ya jirani, na alikuwa ameshafungua kiti chake cha kukunja.

"Endelea," Hollis akasema. "Mimi sipo."

"Nakagua breki."

"Naona. Umezikagua pande zote mbili."

"Hollis, huna kazi?"

"Nilistaafu ili niweze kuona vitu kama hivi." Akanywa kahawa. "Mwalimu, nikukumbushe kitu? Mti hauendi popote."

Delmar akalirudisha tela pale pembeni ya mto. Halafu akaenda kwenye meza ya mbao karibu na pampu, mahali pekee kambini penye mtandao, akapanda juu yake na buti zake, akampigia mkewe. Akamweleza yote. Arlys akacheka mpaka akakohoa.

"Usicheke. Wakinifukuza hapa, kiangazi kimekwisha. Kambi zote zina watu."

"Basi uje nyumbani."

"Arlys."

"Haya, haya. Nakuja kesho."

Alifika Alhamisi asubuhi na gari dogo la dada yake, bakuli la viazi na nyama ya kusaga limefungwa mkanda kwenye kiti cha mbele kama abiria. Delmar alimkumbatia muda mrefu kuliko alivyopanga. Hollis akahamishia kiti chake kivulini, asikose kitu.

"Toka hapo, nipe usukani," Arlys akasema. "Dakika mbili naliingiza, tunakula."

"Hapana. Yule msichana anataka kuniona mimi. Wewe simama nyuma."

"Mimi? Nyuma?"

"Nyuma. Toa ishara."

Arlys hakuwahi kusimama nyuma ya tela maishani mwake. Akasimama, mikono kiunoni kwanza, halafu akaanza kupunga. Delmar akarudi polepole. "Njoo," mkewe akasema. "Njoo. Njoo. Njoo." Kukasikika mlio mzito, tela likatikisika, kikombe kikaanguka ndani. "Simama," Arlys akasema.

Delmar akashuka. Kona ya nyuma ya tela ilikuwa imebusu msonobari, na taa imepasuka.

"Unasema simama nimeshagonga?"

"Ulitaka niseme lini?"

Delmar alimtazama. Huyu ndiye mwanamke aliyepitisha tela kati ya pampu mbili za mafuta wakati wa theluji huku anabishana kuhusu mayai. "Arlys, huo mti hukuuona?"

Arlys akaokota kipande cha taa, akakigeuzageuza. "Niliuona."

"Kwa hiyo ni makusudi."

"Nusu."

"Nusu ipi?"

"Nusu iliyochoka kula peke yake." Akakitia kile kipande mfukoni. "Dada anasinzia saa mbili usiku, mdomo wazi, televisheni inaongea. Nageuka nimwambie mtu kitu cha kuchekesha, mtu mwenyewe yuko msituni anaosha vyoo."

Hollis, huko kivulini, aliamua ghafla kuchunguza kamba za viatu vyake.

Delmar hakuwa mtu wa maneno. Ukimpa ng'ombe atakugawia vizuri, ukimpa hisia anatafuta pa kuziweka. "Pale kwa dada yako mimi ni mgeni," akasema mwishowe. "Naomba ruhusa kufungua friji. Hapa nikiamka kuna mtu ananihitaji. Hata kama ni karatasi ya choo imeisha, ananihitaji mimi." Akakwaruza gome lililobaki kwenye bati. "Nakukumbuka pia. Lakini nikifukuzwa kwa kushindwa, nitakaa kwenye kile chumba cha dada yako kama mtu aliyeletwa na polisi. Hutanipenda."

Arlys akaipiga teke tairi, siyo kwa hasira sana. Wakati huo huo gari la Brylee likaonekana darajani, vumbi nyuma yake.

"Mkono unaweka wapi?" Arlys akauliza.

"Mkono gani?"

"Kwenye usukani, Del."

"Juu. Kama watu wote."

"Ndiyo maana. Uweke chini, chini kabisa, karibu na magoti. Unakoupeleka mkono, ndiko tela linakokwenda. Kulia, kulia. Kushoto, kushoto. Usiwaze kitu kingine. Na uende kama unabeba supu."

"Ni hivyo tu?"

"Ni hivyo tu."

"Miaka yote hii hukuniambia?"

"Hukuuliza. Ulikuwa huko nyuma unaongoza ndege."

Brylee akaegesha, akashuka, akaona taa iliyopasuka, akainua nyusi. "Nimechelewa?"

"Nilikuwa napasha moto," Delmar akasema, akapanda kwenye pikapu.

Arlys hakwenda nyuma. Alisimama pembeni, mikono ameifungia mifukoni kabisa ili isimsaliti. Delmar akaushusha mkono chini ya usukani. Akausogeza kulia kidogo, na kwenye kioo akaona kitu ambacho hakuwahi kukiona: tela likamtii. Alizidisha, likaanza kujikunja, akasogea mbele, akanyoosha, akarudi tena. Jiwe likapita. Msonobari wa kwanza ukapita. Wa pili ukapita kwa nafasi ya kiganja, na Hollis akawa amesimama bila kujua amesimama. Meza ya mbao ya nafasi ile ilikwaruzwa. Kisha matairi yakatulia.

Brylee akazunguka nyuma, akazunguka mbele. "Limekaa upande."

"Limekaa," Delmar akasema.

"Mlango umetazama vyoo."

"Nitakuwa karibu na kazi."

Msichana akamwangalia, halafu akamwangalia Arlys, halafu yule mzee wa kivulini aliyekuwa anapiga makofi peke yake. "Sikusema unyooshe, nilisema uingize," akasema, tayari anarudi kwenye gari lake. "Wa Montana nitawaambia watafute pengine. Taa hiyo utabadilisha mwenyewe, mzee."

Vumbi lake lilipotua, Delmar alikwenda kuchukua vijiko vya akiba ambavyo Arlys alisema viko kwenye buti la lile gari dogo. Akafungua. Chini ya vijiko kulikuwa na maboksi matupu, yamekunjwa vizuri na kufungwa kamba, ya kutosha kuhamisha mashati manne na sufuria moja na mtu mwenyewe.

Akayatoa, akayaweka mezani mbele ya mkewe. Arlys alikuwa anapakua viazi, hakuinua kichwa.

"Haya yatawasha moto vizuri," Delmar akasema.

"Mawili niachie."

"Ya nini?"

"Ya mwezi wa kumi." Akamsogezea sahani. "Theluji ya kwanza unakuja nyumbani, Del. Siyo ya pili."

"Ya kwanza," Delmar akasema, akachukua kijiko, akala.