Simama Tu: Safari ya Kambu Kumrudisha Musyoka

Sisi watu wa Nuu maji tunayapata kwa sepetu, chini ya mchanga wa mto mkavu. Kwa hiyo mdogo wangu Musyoka, mchimba visima, alipokwenda kutafuta kazi Kambu, bila shaka alipata kazi ya kayaki. Mzungu mmoja aliyetaka kuushuka mto Athi alimwajiri yeye na rafiki yake Kilonzo, wamfuate na mizigo katika kimtumbwi hicho chembamba cha plastiki. Kilipinduka. Kilonzo akafa, Musyoka akapona, na miezi minane ikapita bila yeye kukanyaga nyumbani. Mama yake Kilonzo akanituma. Alitaka kusikia kwa aliyekuwepo jinsi mwanawe alivyokufa.

Jumatatu alfajiri niliondoka. Mimi ni mwalimu, basi kutoka Mwingi hadi Machakos nilitunga hotuba ya kumrudisha, yenye mistari mitatu ya Biblia. Niliipenda sana.

Jumanne adhuhuri, Kambu. Ndinda, mke wa Musyoka, alinionyesha kayaki yenyewe: mbuzi watano walikuwa wakinywa maji ndani yake. Mzungu aliwaachia iwe pole, kisha akarudi kwao kupumzisha moyo. Moyo wake, maskini, ulikuwa umechoka.

"Shemeji, huyu hata kuoga hataki," Ndinda alisema. "Mimi humpangusa na kitambaa kama mtoto."

Jioni, kabla sijaanza hotuba, Musyoka akasema mwenyewe.

"Makoti ya kuelea tulipewa, Mwalimu. Tukayakalia, ndio yasilowe. Tulipopinduka, Kilonzo alishika mtumbwi. Mimi nikamwambia, 'Wachilia, simama tu.' Akawachilia." Akanitazama. "Kwetu ukianguka mtoni, si unasimama tu?"

Ni kweli. Mto wetu ukijitahidi sana hufika magotini. Hotuba nikaimeza.

"Sasa mama yake nitamwambia nini?"

"Hayo hayo," nikajibu, nami nikiogopa kuliko yeye.

Alhamisi tulianza kurudi. Kila daraja alifumba macho na kunishika mkono, mwanamume mwenye watoto wawili. Sikumcheka, mimi ninayecheka kila mtu. Nilimhurumia sana.

Ijumaa mchana, Nuu. Mama yake Kilonzo alimpa kiti, Musyoka akakikataa. Alisimulia yote akiwa mlangoni, hata lile neno lake. Mama akainuka, akamfuata pale mlangoni.

"Mwanangu," akamwambia, "hata mimi ningemwambia asimame."

Wakalia pamoja. Mimi nilitoka nje, kwa kuwa safari ilikuwa imenifunza jambo ambalo silo lililonipeleka Kambu. Musyoka na Kilonzo wote walipita darasani kwangu. Niliwachorea ubaoni mito ya dunia nzima, vyanzo na mikondo, nao wakaikariri vizuri na kupita mtihani. Sikuwahi kuwaambia kwamba kuna mto usio na pa kusimama.