Malaika wa Tatu

"Mwanangu, mashine ikinyamaza, ndiyo imeshuhudia?"

Mzee aliniuliza hivyo mbele ya meneja. Aliniuliza mie niliyetoka chuo kikuu nikibishana na kila mtu, hata na shehe wa mtaani kwetu.

Ilikuwa ofisi ya binafsi, Kinondoni, miaka ile mashirika ya umma yakipunguza watu. Mzee alikwisha kupunguzwa mara moja. Hapa kazi yake ilikuwa kunakili mafaili ya kompyuta kwenye mkanda wa sumaku kila Ijumaa, kabla ya kwenda msikitini. Programu aliyotumia niliiandika mimi kwa lugha ya C. Kila hatua ilipeleka ujumbe kwenye daftari la mashine, faili ambamo kompyuta hujiandikia matukio yake: nakala imeanza, nakala imekwisha. Ujumbe huohuo ulitokea pia kwenye skrini. Siku ya kwanza aliusoma kwa sauti, akacheka.

"Malaika wawili wananiandika mabegani. Na wewe binti umeniongezea wa tatu."

Jumatatu moja karani akafuta faili la wateja kwa bahati mbaya. Tukaweka mkanda wa Ijumaa. Haukusomeka.

"Hukunakili, mzee," meneja alisema.

"Nimenakili. Muulize malaika wake."

Nikafungua daftari. Lilihifadhi wiki nne. Walioingia, waliotoka, printa iliyokwama, wote wamo. Mzee hakuwemo hata mstari mmoja.

Ndipo akaniuliza swali lile. Nilitazama kibodi. Meneja akakihesabu kimya changu kuwa jibu, akamwambia mzee akabidhi funguo.

Alivaa kofia yake. Nikamwambia shikamoo, ingawa tulikwisha kuamkiana asubuhi. "Marahaba," akaitikia tena, akatoka. Baadaye nilisikia amehamia Boko kwa binti yake, kisha nikasikia amezikwa hukohuko.

Miaka mingi ikapita. Nikiwa kazini kwingine, nilisoma kitabu cha maelekezo cha mashine kama ile. Ujumbe hupewa ngazi ya uzito. Wa mzee niliupa ngazi ya chini kabisa, nikidhani si wa haraka. Kwenye skrini ungeonekana vyovyote vile, na mimi niliujaribu kwenye skrini tu. Lakini mashine zile zilitoka kiwandani zikiwa zimeelekezwa kuupokea ujumbe wa ngazi hiyo na kuutupa bila kuuandika daftarini.